Umechelewa, Shuka, Umewahi, Panda

SWALI KWA MPIGA PICHA
Mzee wa studio, Langoni, Lamu, anajibu barua zenu

Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tuna duka la vitambaa hapa Malindi, upande wa Shela. Kaka yangu anaishi Boston, Marekani, na mwaka huu ametualika tumtembelee mwezi wa Oktoba, kisha atupeleke kwenye milima ya New Hampshire kupiga picha za majani yanavyogeuka rangi. Tangu apate habari hiyo mume wangu halali. Kamera anayo, nzuri tu, lakini sasa ataka lenzi ndefu ya shilingi laki mbili na thelathini elfu, na milimani ametupangia siku tatu tu, maana asema pesa iliyobaki ni ya lenzi. Mimi natumia simu. Nauliza: lenzi hiyo ina lazima? Siku tatu zatosha? Na kwa nini majani ya huko yawe mekundu na yetu yabaki kijani, au ni picha za kupakwa rangi kwenye kompyuta? Nijibu kabla hajalipa.
Mama Duka, Malindi

Marahaba, mwanangu. Mwambie asilipe. Mengine tutazungumza kwa nafasi.

Mwaka 2019 mimi na mke wangu tulikwenda huko huko, wiki ya pili ya Oktoba, kwa mwaliko wa kijana wetu wa pili. Wakati huo nilikuwa nimeshapiga picha miaka thelathini na minane: harusi, maulidi, pasipoti, watoto wa siku saba. Nikajiona mlima hautanishinda. Nilibeba begi la kilo tisa, na ndani yake mlikuwamo lenzi ndefu ya kuazima, jamaa ya hiyo anayoitamani mumeo. Kwa siku sita niliitoa mara tatu. Jani si simba. Halikimbii, wala halikuli ukilisogelea. Nitaipa haki yake: ukiwa ng'ambo ya bonde, na mti mmoja mwekundu umesimama peke yake kati ya misonobari, lenzi ndefu itakuletea. Lakini hata hapo unaweza kupiga kwa lenzi uliyonayo kisha ukaikata picha baadaye, na jamaa ukutani hawatajua.

Tena kuna jambo wauzaji hawalitaji. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na lenzi inayokaa kabatini huota kuvu. Yangu moja ina nyuzi nyeupe ndani ya kioo, mfano wa utando wa buibui, na hakuna kitambaa kinachofika huko. Mumeo ataitumia wiki moja, kisha atafuga kuvu la laki mbili.

Pesa hiyo inunue siku. Hilo ndilo jibu langu la swali la pili, na ningekuwa na nafasi ya jibu moja tu, ningetoa hilo.

Rangi za majani hazina tarehe. Sisi watu wa pwani tunalielewa hili kuliko watu wa bara: kaskazi twajua inaingia mwisho wa mwaka, lakini hakuna nahodha aliyewahi kuandika siku yake ukutani kabla haijavuma. Katika White Mountains za New Hampshire rangi huanza mwisho wa Septemba, juu na upande wa kaskazini, ambako baridi hufika mapema. Kisha hushuka mlima, siku baada ya siku, mpaka mabondeni katikati ya Oktoba. Boston penyewe, karibu na bahari, miti mingi hungoja mpaka mwisho wa Oktoba na hata Novemba. Kwa hiyo kuna kanuni moja ya kuiweka mfukoni: umechelewa, shuka, umewahi, panda. Ukikuta matawi ya juu yamebaki mifupa, usilie, teremka ukatafute kando ya mito. Ukikuta bado kijani, panda. Lakini kupanda na kushuka kwataka siku. Mwenye siku tatu hupigwa na mvua siku moja, hupotea njia siku moja, akabakiwa na asubuhi moja. Chukueni saba.

Na siku hizo mzipange zikwepe Jumatatu ya pili ya Oktoba pamoja na Jumamosi na Jumapili zake. Marekani ni sikukuu, Kanada nao siku hiyo hiyo ni sikukuu, na mpaka wa Kanada hauko mbali. Magari huko yanafuatana kama punda wa Lamu asubuhi ya kubeba matofali, na maegesho ya mahali pazuri hujaa kabla hujanywa chai.

Kaka yako bila shaka atawapeleka barabara ya Kancamagus. (Usijisumbue na jina hilo. Mke wangu aliiita Kanchi mpaka tukarudi.) Ni kama kilomita 55, kutoka mji wa Lincoln hadi Conway, na inapanda mpaka karibu mita 870 kisha inateremka. Njia nzima hakuna kituo cha mafuta wala duka, na mtandao wa simu hupotea sehemu kubwa. Jazeni tangi, pakueni ramani mapema, na chukueni mkate wenu. Njiani kuna maporomoko ya Sabbaday na korongo la Rocky Gorge, yote ni ya kutembea kidogo tu.

Sasa nikwambie nilivyoharibu siku yangu ya kwanza, mumeo asiharibu yake. Kila kona nilipiga kelele, "Simama!" Kijana alikuwa akiendesha, na nyuma kuna magari. Siku za filamu nilikuwa na picha 36 kwenye mkanda, na kila moja niliifikiria kabla ya kufyatua. Siku hiyo mpaka adhuhuri nilikuwa na picha mia nne na kumi na mbili. Usiku tukaziangalia kitandani, mimi na mke wangu, tumejifunika mablanketi mawili. Alitazama kama thelathini, kimya, kisha akasema, "Hili jamvi."

Niwaeleze wasiomjua. Mke wangu ni mtu wa Siyu, na tangu utotoni husuka mikeka. Huchemsha miyaa, yale majani ya kusukia, kwenye sufuria za rangi, huisuka kanda ndefu ziitwazo kili, kisha huzishona. Jamvi ni lile la miyaa mitupu lisilo rangi wala ua, la kutandika chini na kusahau. Nilichukia, nikamwambia hapa rangi imejaa tele. Akasema, "Imejaa moja. Nyekundu pembeni ya nyekundu haionekani. Weusi wako uko wapi?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimejaza picha kwa majani ya machungwa kutoka pembe hadi pembe, na jicho halikuwa na pa kukaa. Kesho yake nikamwachia yeye achague pa kusimama. Alitafuta misonobari, ambayo haigeuki rangi na kijani chake ni cheusi, na penye misonobari akatafuta mti mmoja wa manjano au wekundu uliojipenyeza katikati. Alitafuta ile miti ya gamba jeupe linalobambuka kama karatasi, vigogo vyake vyeupe mbele ya majani ya dhahabu. Alitafuta jiwe la kijivu mtoni na jani moja juu yake. Siku hiyo nilirudi na picha sitini na moja, na kumi kati yake ziko kwenye ukuta wa studio mpaka leo.

Siku ya tatu ikaja manyunyu. Nikavuta blanketi. Sisi huku tukiona wingu twasema leo hakuna picha, na kwa kuta nyeupe za chokaa za Lamu ni kweli kiasi, zinataka jua zipate vivuli. Mke wangu akaniondolea blanketi. "Yeo ndiyo siku, inuka." Alijua kwa kazi yake: miyaa iliyotiwa rangi haiangaliwi juani, jua hulaghai, hutazamwa kivulini, ikiwa bado mbichi, ndipo utajua rangi imeshika au haikushika. Majani nayo ni vivyo hivyo. Jua kali huyapiga usoni yakawa meupe, wingu huyalaza na rangi ikatoka ndani. Yakilowa, gome la mti nalo huwa jeusi, na jani likawaka.

Ila jani lililolowa lina mng'aro, na mng'aro huo hufunika rangi. Hapa kuna kitu kimoja cha kununua, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya ile lenzi: filta ya polaraiza, inayofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa kwa vidole. Mumeo aizungushe polepole huku akichungulia. Ataona mng'aro unakufa na wekundu unajitokeza. Aichague ipate kuenea kipenyo cha lenzi aliyonayo. Nawe wa simu, tafuta miwani ya jua yenye vioo vya polaraiza, weka kioo kimoja mbele ya kijicho cha simu, ukigeuze mpaka mng'aro upungue. Utachekwa. Acha wacheke.

Filta hiyo hula mwanga, kwa hivyo tripodi ibebwe, nyepesi. Kwenye maporomoko kamera itulie juu yake, shata, yaani kilango cha kuingizia mwanga, ibaki wazi nusu sekunde au sekunde nzima, na maji yatakuwa kama maziwa yanayomiminwa. Siku ya upepo msijaribu, majani yatakuwa ukungu.

Jua likitoka pia msikae bure. Lamu mwezi wa Oktoba adhuhuri unakanyaga kivuli chako, jua liko utosini. Kule, siku hizo hizo, hata adhuhuri jua halifiki nusu ya njia ya kupanda mbinguni. Maana yake mwanga huja wa ubavuni mchana kutwa, na ukisimama jani likiwa kati yako na jua utaona mishipa yake yote kama kiganja cha mtoto kwenye taa. Magharibi nayo haiangukii ghafla kama yetu, inakawia. Mke wangu alinikuta nimesimama ufukoni mwa ziwa, ananambia, "Yua limekwenda, na weye ungali wafyatua." Nikamwambia mwanga bado upo. Tulikosana kidogo hapo, kwa sababu ya baridi.

Jambo la mipangilio: kamera na simu zikiona chungwa kila mahali hudhani kuna kosa, zikatia ubuluu ili zisawazishe. Mumeo aondoe mizani ya weupe (ile ya kusawazisha rangi, "white balance") kwenye kujipangia yenyewe, aiweke kwenye alama ya jua au ya wingu. Kwenye simu yako, bonyeza na ushikilie kidole juu ya jani mpaka ijifunge hapo, kisha shusha mwangaza kidogo. Nyekundu haipendi kumulikwa mno.

Swali lako la tatu. Rangi zile ni za kweli. Wapo wanaozidisha chumvi kwenye kompyuta, lakini mchuzi wenyewe upo.

Jani huwa kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo ndiyo jiko la mti. Hushika mwanga wa jua na kupika sukari. Jiko hili huchakaa kila siku na mti hulitengeneza upya kila siku. Siku zikifupika na usiku ukipoa, mti huacha kutengeneza, maana miezi ya barafu inakuja na majani yatakuwa mzigo. Kijani kikiondoka, njano inabaki. Njano hiyo ilikuwamo tangu mwanzo, imefunikwa tu. Ni karotenoidi, za ukoo mmoja na zilizomo kwenye karoti. Wekundu ni habari nyingine. Wenyewe hutengenezwa siku za mwisho. Mti huanza kujenga ukuta mwembamba pale kikonyo kinapoungana na tawi, sukari hukwama ndani ya jani, na kwa sukari hiyo jani hutengeneza anthosianini. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huzaa wekundu mkali. Kwa hiyo mti wataka jua wiki mbili kabla hamjafika, nanyi mwataka wingu siku mnayofika. Ombeni vyote viwili.

Mfalme wa wekundu ni mepo, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Kuna mepo ya sukari, ambayo mwisho wa baridi hutobolewa kigogo, utomvu ukakingwa kama tembo la mnazi na kuchemshwa. Huhitajika kama lita 40 za utomvu kupata lita moja ya asali yake. Nilionja. Kwa mahamri inafaa. Mialoni hugeuka mwisho kabisa, na rangi yake ni ya kahawa na kutu. Wengi huipita, mke wangu aliipenda kuliko zote.

Kuhusu mlima. Mkubwa wao hapo, Mount Washington, una mita 1,917, na mtu wa nchi yenye mlima wa mita 5,199 anaweza kucheka. Asicheke huko juu. Tarehe 12 Aprili 1934 watu wa kituo cha hali ya hewa kileleni walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Kuna garimoshi la reli ya meno linalopanda tangu 1869, na barabara pia. Sisi hatukupanda, tuliutazama kutoka bondeni asubuhi moja, theluji ya kwanza imekaa kichwani, chini yake ukanda mweusi wa misonobari, chini yake moto. Mke wangu akasema huo sasa ni mkeka.

Mambo madogo. Betri hufa haraka kwenye baridi: ya pili ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, mbadilishane. Mkitoka nje ya baridi mkaingia chumba cha moto, lenzi itatoka jasho, kama sisi tunavyoona tukitoka chumba cha kiyoyozi kuingia mtaani. Kamera ibaki ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto. Glovu nyembamba zinatosha mkono wa kulia. Wewe vaa sweta mbili ndani ya buibui, hakuna atakayejua. Kibla huko ni kaskazini-mashariki, si kaskazini kama kwetu. Mimi siku ya kwanza nilielekea nilikozoea, kijana akanigeuza mabega kimya kimya. Chakula, tulikula samaki, na wao wanajua samaki.

Na la mwisho, kwa kuwa mnakwenda wawili. Sisi baada ya siku ya kwanza tuliwekeana zamu: kusimama moja kwangu, moja kwake. Kwenye zamu yake nilikuwa sifungui begi mpaka aniambie anaona nini. Wakati mwingine alikaa dakika kumi bila kusema. Mara moja alisema, "Sioni kitu, nimechoka tu," tukanywa chai ya chupa, tukaendelea na safari. Kaka yako naye mpeni zamu yake, ndiye mwenye usukani.

Mumeo akikataa, mlete studio. Nitamwonyesha lile kuvu.

*

Shikamoo mzee. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisema majira hayo ya majani kuanguka Ulaya na Marekani yanaitwa vuli. Lakini nyanya yangu asema vuli ni mvua. Nani mkweli? Na sisi tusio na ndugu Marekani, rangi hizo tutazipata wapi?
Kijana wa Mkomani, Lamu

Marahaba. Nyanya yako. Vuli ni mvua zetu ndogo, za Oktoba mpaka Desemba. Nadhani waliotafsiri vitabu vya shule waliona miezi inalingana wakalichukua neno, na sasa limezoeleka, usimkasirikie mwalimu. Lakini ukimwambia mvuvi wa hapa "majani hupukutika wakati wa vuli", atakutazama: kwake vuli ndipo majani huchipua.

Rangi zipo. Kama unaweza kufika Malindi, panda gari uende Marafa, kwenye korongo ambalo Wagiriama huliita Nyari. Mvua na upepo vimeuchonga udongo ukabaki miiba na kuta za nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu, tabaka juu ya tabaka. Nenda alasiri jua likishuka. Mchana wa saa sita utapata joto na picha bapa.

Karibu zaidi, tazama mkungu. Ndiyo, huu huu tunaokaa chini yake na kugonga kungu kwa jiwe tule kokwa. Majani yake makubwa kabla ya kuanguka hugeuka manjano, chungwa, kisha mekundu ya damu ya mzee, na wekundu huo ni anthosianini ile ile niliyomweleza Mama Duka hapo juu. Tofauti ni kwamba mkungu hufuata ukavu, si barafu. Hauvui nguo zote siku moja, kwa hivyo utapata kijani na nyekundu kwenye tawi moja, na hiyo ni bora kwa picha. Lala chalichali chini yake saa kumi jioni, elekeza simu juu, jua liwe nyuma ya jani. Yaliyoanguka chini ni ya asubuhi, yakiwa na umande, lakini uwahi kabla ya mwenye ufagio.